Kikombe chenye uzi mwekundu

Mwenzangu, daktari wa koo ameniambia leo saa tatu asubuhi, na binti yangu amekaa hapohapo anasikia. Ule weupe kooni ni fangasi tu. Fangasi!

Anasema hao wamo mdomoni mwa kila mtu, hata mzima wa afya, wametulia zao. Mimi nimewachokoza kwa ile dawa ya pumu ya kuvuta. Akaniuliza, "Bibi, ukishavuta unasukutua?" Nikamwambia nasukutuaje, si dawa yote itatoka? Akacheka mpaka akavua miwani. "Ya mdomoni itoke, bibi! Ya kifuani imeshafika."

Damu yangu wamepima, Ukimwi hakuna, ni safi.

Wiki tatu, mwenzangu! Wiki tatu mwanangu wa kumzaa amenifungia uzi mwekundu kwenye kikombe, eti kisichanganywe na vingine. Mjukuu akinikimbilia anadakwa. Hata hakuniuliza naumwa nini. Alishajijibu.

Njiani nikamwambia, "Umesikia mwenyewe." Akasema, "Nimesikia, mama. Lakini tusubiri kidogo."

Tusubiri nini? Daktari kasema nimbebe mtoto bila wasiwasi!

Nilipofika nyumbani nikaukata ule uzi kwa meno.

Unajua mchana mjukuu hulala kifuani kwangu. Nikamnyooshea mikono, mama yake akambeba akaenda naye chumbani kwake, akafunga mlango. Nimemsikia kupitia ukuta analia, "Bibi! Bibi!" Nami nimekaa, kikombe mkononi.

Sasa kimya. Amelala.