Milango Minne ya Daktari Pilbeam

Gerezani, Jumapili, 19 Januari 1975

Dada Beryl,

Hujambo huko London? Mama je, kifua kimetulia na baridi hii? Mimi mzima, ila kidole kimoja kimevimba, na usiniulize kwa nini.

Nina ubishi na watu humu, na wewe ndiwe wa kuumaliza. Kila Alhamisi baada ya chai ya jioni hutufungulia chumba cha televisheni. Tunajazana wezi, wachoma visu, na mimi niliyempasua mtu kwa chupa baani kule Salford. Na tunaangalia nini? Kichekesho chenu, yule daktari wa meno Pilbeam na milango yake minne. Jina lako lilipopita mwishoni nikaruka: "Huyo dada'angu! Ndiye anayeshona zile suruali zinazodondoka!" Wakanizomea mpaka basi.

Asubuhi ya siku hiyohiyo Mal Hargreave, mfungwa anayetawala ghorofa yetu, alimvunja mtu taya kwa ndoo ya choo. Ugomvi wa tumbaku. Jioni, damu ikiwa bado ngazini, nikamwona Mal huyohuyo anajifuta machozi kwa kucheka, eti askofu kanaswa kabatini na soksi tu. Niambie, mnafanyaje?

Mdogo wako,
Derek

*

London, 27 Januari 1975

Derek mdogo wangu,

Sisi wazima. Mama anakohoa na kulalamika, kwa hiyo ujue yuko salama.

Waambie wenzako ni kweli. Nashona kiuno kwa uzi dhaifu, napitisha mshipi wa kuvulia samaki ndani ya mguu wa suruali mpaka nyuma ya kochi. Nyuma ya kochi nimelala mimi. Mlango wa tatu ukifunguka, navuta. Nikichelewa kidogo tu, hakuna anayecheka. Len Tansley, anayemwigiza Pilbeam, ana michubuko mwili mzima. Wiki iliyopita alijibamiza mlangoni kwelikweli, pua ikachuruzika damu, na watazamaji wakazidi kucheka. Akameza damu, akaendelea.

Kwa nini wanacheka? Nimefikiri sana nikiwa kule nyuma ya kochi. Kila anachokiogopa yule bwana kinaingia mlangoni kweli: mama mkwe, askofu, mtu wa kodi. Wote kwa pamoja, naye hana suruali. Na Alhamisi ijayo yupo palepale, mzima.

Kaa mbali na huyo Mal. Aprili wanakaa kuamua kama utaachiwa mapema. Usituharibie.

Dada yako,
Beryl

*

Gerezani, Jumanne, 18 Februari 1975

Dada,

Salamu nitazitimiza siku nyingine. Hii haijapita kwa askari wanaosoma barua. Anaitoa mtu aliyemaliza kifungo chake.

Kuna mfungwa mgeni, Pocock, mwizi wa baiskeli kutoka Norwich, kimtu kidogo chenye upara. Anakipenda kichekesho chenu kuliko chakula. Ubaya wake ni kwamba anatangaza. "Sasa mlango wa kushoto! Mama mkwe huyo!" Na hakosei. Alhamisi iliyopita Mal akamgeukia: "We kipara, fumba domo." Pocock, bado anacheka, akamjibu: "Samahani, bwana mkubwa. Hata wewe ukiingia nitakutangaza."

Chumba kizima kilipasuka. Walimcheka Mal, dada. Mal naye akacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Sasa amepanga. Alhamisi hii mchezo ukianza, wakati askari nao wameganda kwenye televisheni, Pocock ataitwa bafuni. Kuna birika la maji ya sukari litakalochemshwa. Sukari hunata, haikung'utiki, inashuka na ngozi. Mimi kazi yangu ni kushika mlango. "Kushika tu," Mal kaniambia. "Hutanyanyua hata kidole." Nikikataa, birika ni langu. Nikisema kwa askari, nitaishi humu kama panya. Nikishika, Aprili natoka.

Ungekuwa wewe?

Derek

*

London, Alhamisi, 20 Februari 1975

Derek, Derek,

Barua yako nimeipata leo asubuhi. Nimeisomea kwenye basi nikashuka kituo si changu. Nimepiga simu gerezani, mtu akaniambia niandike. Basi naandika, nikijua itafika imechelewa.

Usishike mlango ule. Nyumbani kwetu hatujawahi kuwa watu wa kuwachongea wenzetu kwa askari, najua, na baba angenizaba kibao kwa haya. Sema! Aibu nitaibeba mimi. Na Aprili ikipita, ipite.

Jioni hii mchezo utaonekana nchi nzima, ule tuliourekodi mwezi uliopita. Sitaweza kuutazama.

Beryl

*

Gerezani, 16 Machi 1975

Dada yangu,

Naomba mnisamehe kwa kuwaweka roho juu. Mama mwambie naendelea vizuri. Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia bado umefungwa.

Barua yako ilinikuta hospitali. Siku ile nilikwenda nikashika mlango. Sikuwa shujaa, dada, nilikuwa naogopa. Nilisikia birika likigonga ukuta, kisha Pocock akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia hata kwenye machinjio. Sekunde ileile chumba cha televisheni kikaangua kicheko kikubwa. Ukelele ukazama humo. Askari aliyekuwa hatua chache tu kutoka kwangu alikuwa anajipiga mapaja.

Sikufikiri. Nikaufungua mlango.

Pocock alikuwa chini, kashika uso, na kitu kinaning'inia katikati ya vidole vyake. Mal alikuwa anamalizia birika. Nikaweka mkono, maji yaliyobaki yakanishukia mimi. Nikaokota ndoo ya kupigia deki nikampiga nayo usoni, nikampiga tena, mpaka meno yakatapakaa sakafuni na mshikio ukang'oka. Mwenzake Mal aliyekuwa naye mle akanichoma ubavuni kwa mswaki alioufungia wembe. Askari waliponivuta nilikuwa bado nampiga. Nilitaka kumuua. Nikikuambia vingine nitakuwa nadanganya.

Pocock yu hai. Jicho moja limekwenda. Mimi nimetengwa peke yangu kwa usalama wangu, kwa sababu nimekubali kutoa ushahidi. Ya Aprili yasahau.

Mdogo wako,
Derek

*

Gerezani, 15 Juni 1975

Dada Beryl,

Shikamoo kwa mama. Mkono umepona, ila vidole viwili havikunjiki. Najua wiki ile mlikuwa na mama hospitali, kwa hiyo nikusimulie kesi mwenyewe.

Wakili wa Mal alinishika pabaya. "Huna saa. Unajuaje mteja wangu alikuwa bafuni wakati huo?" Nikasema najua kwa kile kicheko. "Kicheko gani?" Nikaeleza, maana pale mlangoni niliiona televisheni kwa mbali: Pilbeam alikuwa amemficha askofu kabatini, mama mkwe anataka kutundika koti, na mtu wa kodi kalala kwenye kiti cha meno kapigwa sindano isiyo yake. Jaji akasema, "Endelea." Nikaendelea. Dada, sijui nilishikwa na nini, nikaanza kufanya na sauti zao. Wazee wa baraza la mahakama wakaanza kutikisika mabega. Jaji akajificha nyuma ya leso. Mal mwenyewe, kizimbani, bila meno ya mbele, anacheka.

Nikasema: "Hapo suruali ikadondoka, na hapo ndipo Pocock alipolia."

Vicheko vikakatika, jaji akaishusha leso. Mal kaongezewa miaka minane.

Tulipokuwa tunatolewa, Pocock akanishika shati. Nusu ya uso wake inang'aa kama nta. Akanong'ona: "Mwisho wake ulikuwaje? Mimi sikuuona." Nikamwambia hata mimi sikuuona. Naomba umtafutie. Anwani ya hospitali yake iko nyuma ya karatasi hii.

Derek

*

London, 24 Juni 1975

Mpendwa Derek, na mpendwa Bwana Pocock,

Natumaini barua hii inawakuta nyote mnaendelea kupata nafuu. Mama yuko nyumbani na anawasalimu. Hii nimeiandika mara mbili, kila mmoja apate yake.

Nilikwenda kuuomba mkanda wa mchezo ule. Wameufuta, wamerekodia mechi ya kandanda juu yake, ndiyo desturi yao. Kwa hiyo hakuna atakayeuona tena, na mtaniwia radhi, maana nilikuwa sakafuni na nilichoona vizuri ni miguu.

Suruali ya Pilbeam imedondoka. Mama mkwe anafungua kabati: askofu, na soksi zake. Pilbeam anasema, "Mama, huyu ni mgonjwa, amekuja kutazamwa jino." Mama mkwe anasema, "Mgonjwa huyu ndiye aliyewafungisha ndoa!" Mtu wa kodi anazinduka kitini, mdomo umekufa ganzi, anadai kitu ambacho hakuna anayekielewa. Pilbeam anakimbilia mlango wa kwanza: mkewe. Wa pili: polisi. Wa tatu: mwanakwaya anayetafuta askofu. Wa nne anaufungua, anaingia, anaufunga. Kimya. Halafu unafunguka polepole, anatoka kavaa koti la kike la mama mkwe, anainama kwa heshima, anasema, "Daktari hayupo leo. Njooni kesho."

Na wote, askofu, polisi, mke, mama mkwe, wanamwitikia "Asante, bibi," na wanaondoka zao.

Hapo taa zikazimwa. Len alibaki amesimama peke yake na lile koti, na watu walicheka mpaka wahudumu wakaanza kuwatoa nje.

Dada yenu,
Beryl