Saa Tisa Angani

4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zikufikie. Sisi wazima, ila macho ya Mama. Daktari amesema wazi: jicho la kulia limekwisha, la kushoto litafuata ndani ya miezi mitatu. Mama ana ombi moja, akuone kabla halijazimika.

Miaka yote umetuambia safari ya huko ni siku mbili, kubadili ndege mara tatu, miguu ya Mama haitaweza. Tukakuamini. Jana binti wa jirani alirudi kwa likizo ndefu kutoka mji huohuo wako. Ni ndege moja tu. Kilomita elfu saba, saa tisa. Alikula, akalala kidogo, akafika.

Na alikuona. Si kwenye hiyo ofisi unayotusimulia. Ulikuwa mlangoni mwa ndege yake, unaingiza makabati ya chakula. Ndege inayokuja kwetu unaipakia wewe, bwana mkubwa.

Njia ya mwongo fupi. Yako ina saa tisa.

Dada yako

21 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima. Huyo binti alilipa nauli aje kunichungulia? Mwambie afunge mdomo.

Sawa, ni saa tisa. Ningesema hivyo Mama angekuja, na angelala wapi? Kitanda changu ni cha zamu: nikiamka, mwenzangu anaingia shuka likiwa bado na joto. Nyie kila mgeni mnamwambia nina ofisi. Mama mwenyewe anawaringia majirani. Nimvue nguo hadharani?

Niacheni.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu ulizipata kwenye barua ile, sina nyingine.

Usimsingizie Mama. Nimemsomea barua yako yote, pamoja na hilo shuka. Aliweka kikombe cha chai chini. Kisha akasema, “Kumbe hana pa kulala, na mimi nilidhani hana hamu na mimi. Mpumbavu sana huyu mtoto.” Ndiyo maneno yake, sijatia chumvi.

Njoo wewe, au sema aje. Jibu.

Dada yako

17 Mei, ujumbe wa simu

Hukujibu. Daktari alitupa miezi mitatu. Miwili na nusu umeimaliza kwa kununa.

Mama amepaa mchana huu, saa nane. Yuko na binti wa jirani, anayerudi kazini. Mwaliko wa viza aliuandika yeye, na Mama atalala kwake. Sura ya mtu anaiona akisimama karibu naye, hatua moja, si zaidi.

Nimemuuliza nikwambie nini. Amesema usihangaike kuazima suti. Simama mbele, pale abiria wanapotokea, na kizibao chako cha kazi. Nimesikia ni cha njano. Rangi hiyo bado anaiona.

Usinijibu mimi. Nenda.

Dada yako