Ndege za Rangi ya Majivu

Kibiti, Mfungo Tatu, 1337

Kwa dada yangu mpenzi Mwamvua binti Mrisho, aliyeko Kilwa Kivinje.

Baada ya salamu na kukushika miguu, nakuarifu kuwa mimi mdogo wako Kondo ni mzima, mke wangu Tatu ni mzima, na mwanetu Salumu amepona ile homa ya mafua iliyozoa watu mwaka jana. Hapa Kibiti tulizika wengi hata sanda zikawa haba. Na wewe je, kifua kimepungua? Mtu aliyetuletea habari zako wakati wa mavuno alisema unasuka mikeka, na kwamba unaishi peke yako katika chumba cha uani kwa watu. Nilifurahi kusikia uko hai. Hilo la pili lilininyima usingizi.

Barua hii anakuletea Muhidini, mtu wa Umwe, anayekuja huko kuchukua chumvi. Nimemwomba akusomee mkiwa wawili tu, jirani asiwepo. Ni ndefu, dada. Nakuomba usimkatize mpaka amalize.

Nianze na habari ya kazi yangu. Unakumbuka nilikuwa nachonga miko na vitana. Katika vita hivi vya Wadachi na Waingereza nilichukuliwa kukata mikoko kule Mbwera, kwa sababu manowari ya Wadachi ilikuwa imejificha kwenye vijito na walitaka kuifunika kwa matawi. Huko ndiko nilikoziona ndege za Ulaya, zile za kuruka na watu ndani, zikija kutoka upande wa Mafia kuitafuta. Wenzangu walijitupa matopeni. Mimi nilisimama nikatazama mpaka msimamizi akanichapa mgongoni, na bado nikageuza shingo nione ilikokwenda.

Niliporudi nyumbani nikaanza kuzichonga kwa mti wa msufi, kila moja urefu wa dhiraa, yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, na vijiti vyembamba katikati, na kijipanga cha mbele kinachozunguka ukikipuliza. Rangi natengeneza mwenyewe. Majivu ya mkoko hutoa kijivu kizito, ya makumbi ya nazi hutoa chepesi, na masizi ya taa nikiyachanganya na chokaa napata vya kati. Vyote nakorogea utomvu wa mkorosho vishike. Tumbo la ndege napaka kijivu cha wingu la asubuhi, mgongo napaka kijivu cha tope lililokauka, na vijiti napaka kijivu kilicho baina ya hivyo. Tatu husema kwake vyote ni kimoja, lakini mimi natenga saba bila kukosea. Rangi nyingine sikuwahi kutia. Watu walidhani ni maringo ya fundi, na mimi nilidhani nazipaka kama nilivyoziona.

Mwezi wa Rajabu akapita Mwingereza mmoja, akaiona ndege yangu barazani. Aliigeuza mikononi kwa muda mrefu. Kwa mdomo wa mkalimani alinisifu sana, akataka sita za kupeleka kwao. Lakini akasema kijivu kitupu hakifai. Juu ya mabawa nitie rangi ya majani, na kila bawa liwe na duara tatu, buluu nje, nyeupe katikati, nyekundu ndani kabisa. Akaniachia makopo manne ya rangi, akaenda zake.

Nilifanya kazi siku tano. Siku ya sita Tatu alikuja na uji, akazitazama zimepangwa juani, akacheka mpaka bakuli likamwagika. Akaniuliza ni mchezo gani ninaomchezea Mzungu wa watu, kwa kuwa mabawa yote yalikuwa mekundu kama damu na ndani ya duara kulikuwa na rangi ya majani. Nikamwambia sichezi. Akaacha kucheka.

Alikwenda jikoni akarudi na ungo wa pilipili, mbivu na mbichi zimechanganyika, akaniomba nimtengee mbivu. Nikakaa chini nikatenga kwa makini, moja moja. Nilipomaliza alizitazama zile nilizoziweka upande wa mbivu, kisha akaniuliza kwa upole:

"Baba Salumu, tangu lini huoni wekundu?"

Nikamjibu kuwa wekundu nauona, ndio huu hapa. Mkononi nilikuwa nimeshika pilipili mbichi.

Hapo ndipo nilipoelewa, dada. Alipokuwa akizirudisha pilipili kwenye ungo, mimi sikuwa pale tena. Nilikuwa nimerudi mwaka ule wa vita vya Maji, kwenye njia ya Ngarambe, na macho yangu yameelekezwa kwenye ule mkwaju ng'ambo ya mto.

Najua hupendi kurudishwa huko. Nivumilie. Unajua Sadallah mumeo alikufa siku ile, lakini hujawahi kuelezwa kazi yangu ilikuwa nini, kwa sababu hukupewa nafasi ya kuuliza. Mshamu, mlinzi mwenzangu, alipandishwa kwenye mkwaju juu ya kilima. Akiona askari wa Wadachi wanakuja, atundike bendera ya kitambaa chekundu. Mimi nilikaa chini kwenye kona ya njia na baragumu. Nikiiona bendera, nipulize, ili watu wetu wasishuke kivukoni. Hiyo tu ndiyo kazi niliyopewa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilijivunia kwamba nilichaguliwa kwa sababu ya macho yangu, maana nilikuwa naona paa kwenye nyasi kavu kabla ya mtu yeyote.

Nilitazama ule mkwaju asubuhi nzima. Wallahi sikuondoa macho. Niliona majani, na majani, na majani. Watu wetu wakashuka, Sadallah akiwa mbele, na walipofika maji ya kiunoni bombomu, ile bunduki ya Wadachi ya kumimina risasi, ikaanza kulia kutoka ukingo wa pili. Walikufa kumi na mmoja.

Tulipokusanyika msituni, Mshamu aliapa kwamba alitundika bendera, na watu wawili waliokuwa nyuma sana, mbali mno kupaza sauti isikike kivukoni, wakasema kweli waliiona, nyekundu kabisa juu ya mti. Basi wazee wakauliza imekuwaje Kondo, mwenye macho makali kuliko wote, asiione. Wakajijibu wenyewe. Dawa imeharibika. Kuna mtu amevunja mwiko akalala na mke, na uchafu wake umeyafumba macho ya mlinzi. Wakauliza ni mke wa nani aliyefika kambini. Kila mtu alikumbuka kuwa jana yake wewe ulikuja na kapu la unga.

Hapa ndipo penye neno nililolificha miaka kumi na nne.

Mimi nilijua hukulala kule. Nilikuwepo ulipofika, ukakaa na Sadallah mbele yetu sote kwa muda wa mtu kula tonge chache, mkazungumza habari za mbegu za mpunga, ukaondoka. Mimi mwenyewe ndiye niliyekusindikiza mpaka mtoni, nikakubebea kapu tupu, na jua lilikuwa ndiyo kwanza limeinama kutoka utosini. Nilikuona ukivuka. Hilo lilitosha kukuokoa, nami nilikuwa nimelishika mdomoni wakati wazee wanauliza. Sikulisema. Kama hukuvunja mwiko, basi macho yangu hayakufumbwa na kitu, na watu kumi na mmoja wamekufa kwa uzembe wangu. Niliogopa. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni aibu ya ndugu.

Hayo ya macho sikuyajua, dada. Mungu ndiye aliyeniumba hivi, na sidhani kama nitaulizwa kwayo. Lakini kunyamaza nilinyamaza kwa akili zangu. Nilisimama mlangoni kwa mama mkwe wako Biasha siku alipokitupa chungu chako nje na kukuita muuaji wa mwanawe. Nilikuona ukiokota mkeka na kushika njia ya kusini, mwaka wenyewe watu wanachimba mizizi ya mwituni kula. Nilikuwa karibu kiasi kwamba ungegeuka ungenigusa.

Sasa nikueleze niliyoyafanya, usije ukadhani naandika tu. Makopo nimeyarudisha kwa wenyewe na ndege nimezipaka upya kwa majivu. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, niliomba ruhusa ya kusema, nikasimama mbele ya wote nikayasema haya kama nilivyokuandikia. Watu hawakuniamini mara moja. Mmoja alitoa kofia mbili akaniuliza ipi nyekundu, nikakosea. Mshamu alikuwepo. Wapo waliomwita mwongo miaka yote hii, pamoja na kuwa bendera ilionekana. Alilia waziwazi, kisha akaja akakaa kando yangu, na mpaka watu wanatoka hakuwa ameondoka.

Kwa Bi Biasha nilikwenda peke yangu. Sasa ni mzee sana, magoti yamemwisha, anakaa kitandani akielekea mlango. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza jambo moja tu, kwamba jua lilikuwa wapi nilipokufikisha mtoni. Nikamwonyesha kwa mkono. Akautazama mkono wangu kwa muda.

"Basi nilimfukuza mwanangu," akasema.

Hakunilaani. Ingekuwa afadhali angenilaani. Aliniagiza niandike kwamba lile shamba la mpunga la Sadallah kule bondeni hakumpa mtu, amekuwa akililimisha mwenyewe, na ni lako tangu leo mbele ya mashahidi. Ameagiza pia kuwa anataka akuone. Akaongeza kwamba usipokuja kabla ya masika atabebwa kwa machela mpaka Kilwa, na tayari amewauliza vijana wawili kama wana nguvu.

Mimi sikuombi msamaha katika barua hii. Msamaha unaoombwa kwa mdomo wa mtu mwingine si msamaha, na hasira yako ni haki yako, uitumie kadiri upendavyo. Ukija Kibiti, nitakupokea njiani. Kama moyo haukutumi kunijibu salamu, pita, usinijibu. Tatu atakuonyesha nyumba. Lakini njoo, dada. Watu hapa wanalijua jina lako sasa kama linavyostahili kujulikana, na mama mkwe wako anautazama mlango akikungoja.

Salumu anakuamkia, ingawa hajakuona bado. Tatu anakusalimu sana na amekutumia ushungi kwa mkono wa Muhidini. Ameichagua yeye rangi yake. Mwenyezi Mungu akupe afya ya kifua na njia salama.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea,

Kondo bin Mrisho