Niliyoyasema Kinywani mwa Zimwi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba Mungu goti liwe limepoa na sasa unasali umesimama. Sisi wazima. Mjukuu wako ananenepa, na hiyo ni kazi ya mama mkwe aliyekuja kutusaidia uzazi. Simu nimeiogopa, maana nyumba yetu hapa Euless haina kona ya kusemea. Barua hii anakuletea jirani anayesafiri kesho.

Mama, nimejivunjia heshima.

Jumamosi niliwapeleka mama mkwe, Zuhura na mtoto Houston, kwenye bustani ya tajiri mmoja aliyeiga bustani ya mabwana wa Italia wa karne ya kumi na sita. Imejaa madubwana ya mawe: joka lenye mabawa, mwanamke mwenye mkia wa samaki, tembo aliyemkaba askari kwa mkonga. Mama mkwe alimfunika mtoto uso kwa khanga asije akaweweseka, huku anacheka: "Baba, ndo umetuleta kwa mashetani?" Alikuwa na furaha kweli.

Kuna zimwi limeachama, unaingia kinywani bila kuinama. Ndani mna meza na viti vya mawe. Rafiki yangu wa Garland akapiga simu. Mambo ya ukweni hayasemwi mbele ya mkwe, kwa hiyo nikajificha humo na kushusha sauti: "Kaka, arobaini imepita zamani, bibi haja-book hata tiketi. Yeye chumbani na mke wangu, mimi kwenye kochi kama mlinzi. Anaondoka lini huyu?"

Kumbe kinywa kile kimejengwa makusudi, ukinong'ona ndani, walio nje wanasikia kila neno. Ulimi hauna mfupa, nilikuwa nasikia tu. Nilipotoka, Zuhura alikuwa anatazama chini. Mama yake alikuwa kwenye benchi, anamfunga mtoto khanga upya, polepole.

Tulipofika nyumbani alitandika mkeka sebuleni. "Baba, kalale na mkeo." Asubuhi akamwambia Zuhura amtafutie ndege ya karibu; imepatikana ya wiki ijayo. Nikataka kumpigia magoti, akainua mkono.

"Yaishe, baba. Nimeshasikia."

Naona aibu hata kunywa uji anaoupika, na bado ananipikia. Mkwe haombwi radhi na kijana peke yake. Mnaoiweza kazi hiyo ni ninyi wazee. Mpigie kabla hajaondoka. Akifika Tanga, nendeni na baba mdogo mkamwangukie kwa niaba yangu. Mwambie mwanao ni mjinga, si mbaya.

Nisalimie shangazi mshonaji, na baba mdogo na msikiti wake. Salamu za mama mkwe hazimo humu. Sijathubutu kumuuliza kama anakusalimu.

Mwanao,
Hamadi