Chemshabongo ya Baba

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, tarehe 14

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Naanza na afya, maana nyumbani kwetu siku hizi hakuna jambo linaloulizwa zaidi kuliko hilo. Kifua kilichokuwa kinakubana wakati wa baridi kimepoa? Wifi naye, mguu umeanza kumruhusu kupanda ngazi? Watoto nawawazia wamerefuka mpaka nguo nilizowashonea zimekuwa za midoli. Mimi mzima. Baba yupo, anakula, na usingizi anaupata.

Ulimi bado. Tangu kiharusi kimpige, upande wa kulia umelala na maneno yamekwama. Daktari anasema akili iko salama, kilichoharibika ni njia ya kutokea. Basi nyumba imekuwa kimya. Nikitua sufuria naitua kwa kishindo makusudi, nipate kusikia kitu. Fundi viatu wa hapo nje ndiye mtu pekee ninayebishana naye, na sikio lake moja halisikii.

Sasa nikupe la kukushangaza: nimejifunza chemshabongo. Mimi, yule mliyekuwa mnamwambia "lete chai, hili si lako", wewe na Baba mkiwa mmeinamia gazeti la Jumamosi. Nilikuwa nalinunua kwa mazoea tu, namwekea mapajani. Siku moja nikamsomea: "Ndege avaliwaye shingoni, herufi tatu." Nikasema huu ni wazimu, ndege gani anavaliwa? Baba akaniangalia kama mwanafunzi mzito, akainua mkono wa kushoto, akajigusa chini ya kidevu, pale alipokuwa akifunga fundo kila asubuhi kabla ya kwenda posta. Tai. Nikacheka peke yangu, halafu nikaona bega lake linatikisika. Naye alikuwa anacheka.

Ndipo nikaelewa kwamba dokezo lina uongo mdomoni na ukweli mfukoni. "Usisimame, jikoni linachoma, majini anabana." Hilo nililifumbua mwenyewe nikiwa nafua: kaa. Kaa kitako, kaa la moto, kaa wa majini. Nilikwenda kumwambia na mapovu mikononi.

Jumamosi iliyofuata likaja hili: "Ukwepe, uuvuruge, bado utaukuta chumbani. Herufi sita." Baba aliweka kidole kwenye "uuvuruge", kunionyesha kwamba herufi za neno linalolitangulia ndizo za kuvurugwa. Nikaihamisha "ukwepe" huku na huku mpaka ikatoka "upweke". Nikamwambia, "Hili ni lako, Baba." Akatikisa kichwa. Akaninyooshea kidole mimi. Nilisingizia chungu kinaungua nikakimbilia jikoni, na huko jikoni hakukuwa na chungu.

Jumatatu iliyopita akaomba kalamu kwa ishara. Kwa mkono huo wa kushoto, jasho likimtoka, akaandika pembeni mwa gazeti maneno mawili: "shaka kamili". Nilidhani amekata tamaa. Nikamwita muuguzi, nikampigia daktari, nikaficha hata dawa zake za usingizi. Baba alitutazama tunavyohangaika, kisha akaichukua tena kalamu, akazungushia herufi nne zilizojificha katikati, mwisho wa "shaka" na mwanzo wa "kamili". Kaka. Alikuwa anakuulizia wewe. Angeweza kuliandika moja kwa moja akajipunguzia jasho, lakini unamjua Baba, kuomba hakujui.

Sitakuficha, liliniuma. Mimi ndiye ninayemgeuza, mimi ndiye ninayemwosha, na mtu wa kwanza kumwandika ni wewe. Nilinuna mpaka jioni. Nilipompelekea uji nikakuta amelilaza lile gazeti juu ya kiti chako, amelinyoosha vizuri ukurasa ule ukiwa juu. Hasira zikaniisha.

Kaka, najua kwa nini hupigi simu. Mara ya mwisho ulikutana na kile kimya chake, ukakata, ukasingizia mtandao. Sikulaumu. Mimi ninayeishi nacho kuna siku natoka nje nikasimame barabarani tu, niwasikie watu wakigombana. Lakini Jumamosi, gazeti likishafika, piga. Msomee dokezo lolote, hata ulitunge mwenyewe. Nitaishikilia simu sikioni kwake. Usikiogope kimya, pumzi ikianza kwenda mbio ujue jibu amelipata.

Msalimie sana Wifi. Watoto waambie Shangazi anauliza kama bado wanaikumbuka sauti yake. Mama Mdogo anakusalimu, amenituma nikwambie magoti yamemgomea ila mdomo haujambo. Mjomba pia anakukumbuka. Mungu akulindie pumzi na riziki, na njia ya kuja huku asiifunge.

Na ukishamaliza na Baba, usikate simu. Niulize na mimi nimeshindaje.

Mdogo wako akupendaye na kukungoja,

Kitindamimba