Dereva Asimame

Greyville, Durban
Tarehe 18 Novemba 2014

Kwako Yaya Constance, dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na kupitia kwako nawasalimu wote wa nyumbani Kalemie, wakubwa kwa wadogo, bila kumsahau jirani yako Marie-Jeanne, ambaye najua ameshavuta kigoda anasubiri usome kwa sauti. Tafadhali, safari hii soma kwanza kimya kimya, halafu utaamua mwenyewe. Sisi huku ni wazima. Larissa anakusalimu sana. Gracieuse amefikisha miaka kumi na moja na ananisahihisha Kiingereza changu hata mbele ya wageni. Joto limeanza, kazi ipo. Wewe hujambo? Na tumbo je?

Nauliza tumbo kwa makusudi. Honoré, huyu aliyekuletea barua, alipotoka huko mwezi wa tisa aliniambia daktari amekukataza kufunga kwa sababu ya vidonda vya tumbo, na wewe ukamjibu atibu tumbo, mambo ya Mungu akuachie wewe. Nilicheka, maana niliisikia sauti yako kabisa. Lakini wiki mbili zilizopita, nilipokupigia kukuambia tuna safari, ukasema utafunga siku tatu kama unavyofunga kila safari yangu. Tangu siku hiyo sicheki tena. Ningekupigia, lakini unaweka spika na mtaa mzima unasikiliza. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nianze na safari yenyewe, kwa sababu ni nzuri na nina hamu ya kuisimulia.

Kuna mama mmoja wa Morningside, mzungu, mjane, aliyeleta gari la marehemu mumewe hapa ninapofanya kazi. Gari hilo ni nyumba, Yaya. Mbele ni kama lori dogo, nyuma kuna vitanda, jiko la gesi, kabati, na choo. Choo chenye mlango! Lilikuwa limesimama chini ya mti miaka mitatu, panya wamejifanyia makao. Tulipomaliza kulitengeneza, yule mama alipanda akakaa kwenye kila kiti, kimoja baada ya kingine, akalia kidogo, akasema halitarudi chini ya mti. Aliniuliza kama nina familia. Nilipojibu ninayo, akasema tulichukue wiki moja mwezi wa kumi na mbili, ila twende pale mumewe alipokuwa akimpeleka kila mwaka, na tumletee picha ya mahali hapo.

Mahali penyewe ni kwenye bwawa la Gariep, maji mengi yaliyozuiwa kwa ukuta wa zege, katikati ya nchi kavu inayoitwa Karoo. Wanasema ni kama jangwa: mawe, vichaka vifupi, kondoo, na anga. Kando ya maji kuna hifadhi, unaegesha nyumba yako, unawasha moto, unakaa. Gracieuse amezaliwa hapa, anajua bahari tu. Nilipomwambia kwamba sisi utotoni tulikunywa maji ya ziwa kwa viganja, aliniangalia kama muongo. Basi mimi na Larissa tukakubaliana kwamba huyu mtoto lazima aone ziwa, hata kama ni la kutengenezwa na watu. Na mimi mwenyewe, nisikufiche, nimelikumbuka letu.

Kila jioni tunapanga. Gracieuse ana daftari ameandika njia yote: tupande mlima wa Van Reenen mchana, si jioni, tulale Bethlehem, mji upo kweli na ameshaanza kuwaringia wenzake, kesho yake Bloemfontein, kisha kusini hadi majini. Amepiga hesabu ya tangi la maji, akatangaza kwamba kwa namna mama yake anavyoosha sufuria tutakauka kabla ya Harrismith. Larissa naye amekataa kusafiri bila mbabula ya makaa, kinu, majani ya sombe na nusu gunia la unga wa muhogo, eti hajui hao watu wa jangwani wanakula nini. Nilimweleza kwamba gari lina jiko na lina kikomo cha uzito. Kinu kikatoka. Juzi nimekikuta chini ya kitanda cha gari, kimefungwa blanketi kama mtoto mchanga. Nimekiacha.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Jumapili iliyopita Pastor alitangaza safari yetu. Unajua desturi yetu, msafiri hatoki bila kuwekewa mikono. Akasema, dereva asimame. Nami nikasimama. Sijui nikuelezeje, Yaya, miguu ilinyanyuka yenyewe, na wanaume wa benchi langu walikuwa wameshaanza kunisukuma mgongoni. Pastor akanipaka mafuta viganja vyote viwili. Wazee wakaniwekea mikono, wakaomba tairi zisipasuke, breki zishike, usingizi usinikaribie, robo saa nzima. Nilipofumbua macho nikamwona Larissa ameficha uso nyuma ya kitabu cha nyimbo, mabega yanatikisika. Ndipo Gracieuse akauliza, kwa sauti ya kufika mlangoni, mbona wanamwombea Papa wakati anayeendesha ni Mama. Mtu mmoja nyuma akasema, "Eish."

Nyumbani Larissa alicheka hadi akakaa chini. Akasema, "Ezé, mafuta iko kwako, usukani iko kwangu. Sasa tutafika namna gani?" Kisha akaacha kucheka, akaniuliza Yaya Constance yeye anafunga kwa ajili ya nani.

Yaya, mimi si dereva. Sijawahi kuwa dereva hata siku moja. Leseni sina. Mimi ni fundi wa viti: nashona viti vya mabasi, vya teksi, na sasa vya nyumba ya yule mjane. Ile picha ya mwaka 2009, niliyokaa nyuma ya usukani wa basi jekundu, mwenzangu wa kazi Ladislas aliipiga tulipokuwa tumemaliza kazi. Niliituma kwa maringo tu. Wewe ukaandika kwamba umeitundika karibu na ya Papa wetu, dereva wa lori, na kwamba usukani umerudi katika ukoo. Sikukusahihisha, na kila ulipouliza ninaenda wapi, nilitaja mji. Johannesburg. Cape Town. Maputo. Ulifunga siku tatu kwa ajili ya Maputo, na mimi nilikuwa hapa Greyville kwenye kigoda, sindano mkononi, nimeshiba wali. Hilo linanichoma kuliko uongo wenyewe.

Si kwamba sikujaribu. Siku lori la Papa lilipopinduka njia ya Nyunzu nilikuwa nimekaa kando yake. Yeye alitoka akichechemea na hakuendesha tena, mimi nilitoka bila mkwaruzo, nanyi nyote mkasema Mungu amenitunzia usukani. Hapa nimejifunza kwa walimu watatu. Gari likianza tu kusogea, mikono inalowa jasho hadi usukani unateleza. Mwalimu wa tatu aliniuliza kwa upole kama sina kazi nyingine ninayoiweza. Ninayo, na ninaipenda.

Dereva ni Larissa. Nilipokuambia anafanya kazi na watoto wa shule nilikuambia nusu: anawaendesha, kwa kombi, asubuhi na mchana, kule Glenwood, tangu 2011, na hajakwaruza hata ukuta. Yule mjane alipotaka leseni, aliyoiona ni ya Larissa.

Kwa hiyo nakuomba msamaha, na ninakuomba na jambo jingine. Tunaondoka tarehe 13 Desemba. Usifunge. Kula bukari ya muhogo na samaki, ushibe, meza dawa zako, halafu umwombee Larissa kwa jina lake. Jumapili ijayo nitamwomba Pastor aseme tena dereva asimame, na mimi nitabaki nimekaa.

Ndani ya bahasha utakuta picha mpya. Aliye kwenye usukani ni Larissa, anayechungulia dirishani ni Gracieuse, na mimi nipo pembeni na daftari la njia. Lakini ile ya zamani usiitoe ukutani. Itazame tena, Yaya, ila safari hii acha usukani, tazama kiti nilichokalia. Kitambaa nilikikata mimi, na mishono yote ni ya mkono wangu. Basi hilo linapita hapa kila siku, watu wanakaa, na mpaka leo hakijafumuka.

Wasalimie watoto, mwambie Marie-Jeanne sasa anaweza kusomewa, na tumbo lako ulihurumie kama unavyonihurumia mimi. Mungu akuweke mpaka tuonane tena kando ya ziwa letu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Ezéchiel, fundi viti