Mama Gracia Amepata Kazi

Jumamosi. Jua la Julai, ambao huku ni mwezi wa baridi, linawaka kutwa nzima na halipashi chochote. Midomo imepasuka, mikono inanuka vitunguu hata baada ya kuoga, na mgongo unanikumbusha umri wangu bila kuulizwa.

Nimechoka. Wacha niliandike hilo kwanza, nisije nikajifanya baadaye.

Asubuhi niliomba gari likatae kuwaka. Najua hayo si maombi ya mama wa kanisa. Liliwaka papo hapo, nikatoka nyumbani Randburg kwenda mjini nikiwa nimenuna peke yangu kwenye kila robot nyekundu, taa za barabarani za huku.

Kanisa letu liko ghorofa ya pili, katika jengo lililokuwa la ofisi zamani. Kila Jumamosi tunapika pap, ugali wa huku, na maharagwe kwa watoto wa majengo ya karibu na wazazi wao: Wakongo, Wazimbabwe, wenyeji, yeyote atakayepanda ngazi. Wakishiba, wadogo wanaimba na wakubwa wanasaidiwa kazi za shule. Tukiwa na blanketi, tunagawa. Wiki nzima watu walikuwa wakituma vimikono vya kuomba kwenye kundi la kanisa la simu. Leo jikoni tulikuwa watatu: mimi, mama mchungaji, na kaka mmoja mlinzi aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu yake, akawa anasinzia huku anakata kabichi. Na maji yalikuwa yamekatika. Tulibeba ndoo kutoka jengo la pili, tukizipandisha ngazi kwa mikono kwa sababu lifti ilikufa kabla kanisa halijahamia.

Sikuwa na upendo leo. Niliwapakulia watoto kama mtu anayefunga bahasha ofisini. Mmoja alinishukuru, nikamwambia asogee mwenzake apate nafasi.

Walipokuwa wanakula, Mama Gracia aliingia jikoni.

Nimemfahamu muda mrefu. Ni Mkongo wa Uvira, anasuka nywele kando ya barabara karibu na stendi ya teksi. Mume wake alikwenda Cape Town kutafuta kazi na simu yake haipatikani tena. Gracia, binti yao, yuko darasa la kwanza. Amezaliwa hapa hapa, anaongea Kiingereza na Kizulu, na sijawahi kumsikia akitamka neno la Kiswahili. Alikuwa ameshika kitenge cha mama yake, nusu mdomo umejaa pap.

"Mama Tumaini, nilipata kazi."

Nikasema Mungu ni mwema, kwa sauti ile ile ninayoitumia kuitikia salamu.

"Ya kuangalia mama muzee, kule kwenu Randburg. Nitalala kule kule. Naanza Jumatatu."

"Na Gracia?"

"Mutoto hawamutaki."

Alilisema bila lawama, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Kisha akalisema lililomleta. "Niko nakuomba umukamate siku za kazi tu. Jumamosi nitakuja kumuchukua. Wewe unapita huku kila asubuhi, na shule yake iko njiani."

Kwa Kiswahili cha kwao, kumkamata mtoto ni kumpokea. Alikuwa ameshafikiria yote. Ni kweli napita njia hiyo, kwa kuwa ofisi yangu iko Braamfontein, jirani na kanisa. Ni kweli pia kwamba nyumbani tuna chumba cha tatu, ambacho hakilali mtu ila nguo zinazosubiri pasi. Hakuna hata sababu moja aliyoniachia ya kujitetea nayo.

"Nitaongea na Baba Tumaini," nikamjibu.

Kila mwanamke anajua maana ya jibu hilo. Yeye naye alijua.

"Sawa, mama. Niliuliza tu. Usisumbuke." Akachukua sufuria, akakunja mikono ya sweta, akaanza kusugua.

Sote wawili tulisahau kwamba asiyesema lugha si lazima awe haielewi. Gracia alimeza alichokuwa anatafuna. Akaniangalia, akaniambia kwa Kiingereza, polepole, kwamba yeye hali chakula kingi. Akafikiri kidogo. Akaongeza kwamba usiku huwa halii.

Mama yake hakugeuka. Aliendelea kusugua mahali pale pale palipokwisha takata.

Mimi ndiye niliyetoka jikoni.

Mama mchungaji alinikuta nimekaa kwenye ngazi. Hakunihubiria, na namshukuru kwa hilo. Alisikiliza, akanipa pembe ya leso yake nijifute. "Usimjibu ukiwa unalia," akasema. "Ukiahidi na machozi, utakuja kumlipisha mtoto. Nenda nyumbani, ule kwanza."

Nikaenda nyumbani. Nikala. Machozi yalikauka lakini swali halikuondoka.

Miaka yote hii nimewaambia watu wale kwamba kanisani pale ni kwao. Ni rahisi kusema, kwa sababu saa nane mchana tunaosha sufuria, tunafunga mlango, na mimi narudi kwangu. Huruma yangu ina saa za kufungua na kufunga. Leo mtu amekuja kubisha ikiwa imefungwa, nami nikajificha nyuma ya jina la mume wangu.

Mume wangu mwenyewe nilimfuata uani baada ya kula, nikamkuta anaosha viatu vya Tumaini, kijana wetu. Nilimweleza nikiwa nimesimama, koti bado mwilini.

"Ni kwa muda gani?" akauliza.

"Sijui."

"Na wewe utaweza?"

"Siwezi. Nimechoka, Baba Tumaini. Nimechoka hata na watu ninaowapenda."

Alisugua soli moja mpaka ikatakata. Nilidhani amemaliza mazungumzo. Halafu akasema, "Uji wa asubuhi nitapika mimi. Kumvalisha sare naweza. Nywele tu ndizo sizijui."

Nilitamani akatae. Ningekuwa na mtu wa kumlaumu, nikalala vizuri.

Nilipiga simu kabla ya chakula cha jioni. Mama Gracia alipokea katikati ya honi za teksi. Bado alikuwa anasuka. Nikamwambia amlete Gracia kesho baada ya ibada, na nguo zake za shule. Tuanze na muhula huu, halafu tukae pamoja tuone.

Nikasikia mteja wake akiuliza kitu kwa Kizulu, naye hakumjibu.

"Na ukichoka?" akaniuliza.

"Nimeshachoka. Wewe mlete tu."

Akacheka, kicheko kifupi chenye mafua. Kisha simu ikakatika, na hakupiga tena. Sikumpigia pia. Kuna mambo mtu humalizia peke yake.

Nimehamisha nguo za pasi kutoka kile chumba. Chini yake kuna kitanda ambacho nilikuwa nimekisahau, na godoro lenye harufu ya kufungiwa. Tumaini ametoa mto wake mmoja bila kuombwa, akataka kujua kama mgeni anaogopa giza. Nimemwambia sijui. Kuna mengi sijui kuhusu mtoto huyu: anakunywa chai au maziwa, analala upande gani, na ni nani aliyemfundisha kwamba mtoto hupokelewa akila kidogo na akinyamaza.

Natamani kuandika kwamba moyo wangu umejaa amani. Haujajaa. Nina hofu ya Jumatatu asubuhi, ya foleni ya barabara ya kwenda mjini, ya siku atakaponiita mama kwa bahati mbaya, na mama yake akasikia.

Sijui pia kama hii ni imani, au ni uchovu tu uliokosa nguvu za kukataa. Mungu atajua kuvitenganisha.

Mimi naenda kutafuta shuka.